Sari Iliyokula Fufu

Jumapili iliyopita niliacha sufuria ya wali ikafurika. Najua, siyo habari. Mtu ambaye safari yake ndefu kwa juma zima ni kutoka kitandani hadi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, hawezi kuwa na habari kubwa. Lakini yale maji meupe yalimwagikia makaa, moshi ukapanda, na harufu yake ikanikamata hapa katikati ya macho: tamu kidogo, nzito kidogo, nusu chakula, nusu nguo iliyopigwa pasi. Mume wangu akauliza kutoka sebuleni, "Kitu gani inaungua tena?" Nilikuwa nimesimama na kifuniko mkononi, nina miaka tisa, jasho linanitoka shingoni kwa sababu ya kitambaa ambacho hakikuwa chetu.

Mliokua nami mtaani Mapendo mnalikumbuka jina langu la utani, na wengine bado mnalo mdomoni, msijifanye. Sentineli. Kwetu sentineli ni mlinzi wa langoni, yule mzee mwenye koti na redio. Mimi sikuwa na koti wala redio, nilikuwa na kigoda. Wenzangu walishuka ziwani na bidoni zao, wakachota maji, wakaoga, wakapigana, wakarudi na hadithi. Mimi nilibaki ndani ya parseli, uani kwetu. Nilichagua mchele, nilichunga maharagi motoni, na mtu akigonga lango letu la bati nilikuwa wa kwanza kuuliza "Ni nani?" kwa sauti nene niliyoifanyia mazoezi. Jirani yetu Mama Zawadi hakuchoka kunichokoza juu ya ukuta wa mawe.

"Sentineli! Wezi walipita leo?"

"Hapana, mama."

"Walikuogopa. Weye unatisha kabisa."

Nyumba yetu niliipenda kwa namna ambayo leo ningeiita ugonjwa, kama nisingekuwa bado ninaumwa. Nilijua ubao upi wa ukuta unalia ukiuegemea, na bati lipi linavuja mvua ikitokea upande wa mlima. Kwa hiyo adhabu kubwa kwangu haikuwa fimbo, na mama aliligundua hilo mapema. Kofi nililipokea nikaendelea na shughuli zangu. Lakini akitaja neno moja tu, Kibati, nilishika ufagio bila kuambiwa. Kibati alikaa shangazi yangu, dada ya papa, kule kwenye barabara ya kaskazini ambako ukungu hauondoki shambani mpaka watu wawe wamepalilia mistari miwili. Alikuwa mtu mwema, asisingiziwe. Ila aliamini kwamba msichana asiyetoka nje ni kama unga usiochekechwa, na mara mbili tayari alikuwa amemwambia mama, "Nipatie huyu, nimutengeneze." Papa, ambaye kazi ilimweka Bunagana na tukamwona mwisho wa mwezi tu, alijibu kila mara, "Tutaona." Nani kati yetu hajui maana ya "tutaona" ya papa?

Juma lile nilikuwa nimekwisha kuvunja glasi ya taa na kuunguza sufuria ya mama ya arusi. Mama aliniwekea kidole puani.

"Kitu ya tatu, Sentineli. Ukiniharibia kitu ya tatu, unaamukia Kibati. Sitasema tena."

Na ndiyo siku zilezile kitu cha tatu kikaingia nyumbani kwa miguu ya mama mwenyewe, kimefungwa kwenye gazeti.

Mama alikuwa akifua na kushona kwa Mama Mithu, mke wa Mhindi mwenye duka la mabati na misumari mjini. Watu walisema Mhindi. Mama Mithu mwenyewe alieleza kwa upole kwamba kwao hasa ni Bengali, watu wakaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha wakaendelea kusema Mhindi. Mithu alikuwa binti yake mkubwa, aliyebaki kwao kusoma. Mimi nilikuwa nimemwona huyo mama mara mbili. Alivaa bangili nyeupe, na katikati ya nywele zake, pale zinapogawanyika, kulikuwa na mstari mwekundu. Sikujua ni rangi ya mwanamke aliyeolewa kwao; niliamini ni kidonda, nikashangaa mtu tajiri hivyo mbona hajapata dawa.

Mama alifuta meza mara mbili, akafungua gazeti.

Sijui niieleze vipi. Ilikuwa sari, nguo ndefu ya wanawake wa kwao, ya pamba, nyeupe kama maziwa yaliyolala, na pindo pana jekundu likikimbia pande zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja wa mwisho ulijaa mapambo, meno madogo mekundu yaliyopangwa kama safu ya paa za nyumba. Lakini kilichonishangaza ni sauti. Mama alipoikunjua, ililia: kwara, kwara, kama mtu anayekanyaga majani makavu ya ndizi. Ilisimama mezani yenyewe, imejaa kiburi. Vikwembe vyetu, yaani vitenge, vikianguka vinaanguka. Hii ilikataa kuanguka.

"Tafuta mugongo yake," mama aliniambia.

Niligeuza, nikageuza tena. Kikwembe cha bei ndogo kina uso na mgongo. Mgongo ni ule upande rangi zake zimefifia. Hii haikuwa na mgongo. Rangi hazikuchapwa juu yake, zilifumwa ndani.

"Pande zote ni uso," mama alisema, na sijawahi kumsikia akisifu kitu hivyo, hata sisi watoto wake. "Alinieleza. Fundi wa kufuma hii anakaa kwenye shimo, miguu ndani, anafuma na mukono siku nyingi."

"Alikosa nini?"

"Nani?"

"Yule wa mu shimo."

"Hakukosa kitu. Njo kazi yake."

Halafu akaipima kwa mkono, kutoka puani hadi ncha ya vidole, kama anavyopima kila mwanamke wa kwetu, akacheka peke yake. Yadi sita, sawasawa na piesi nzima ya kikwembe. Mnajua piesi inavyotendewa: inakatwa mara tatu, moja blauzi, moja ya kujifunga, moja ya kiuno au ya kubeba mtoto. Nilishaona mkasi kichwani mwangu.

"Hii haikatwi," mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Wanavaa yote muzima. Ilikuwa ya mama yake. Mama yake alikufa kule, wakamutumia hii peke yake. Ilipasuka kidogo kwenye pindo, anataka niishone na mukono mbele ya sikukuu yao. Kushona tu. Isifuliwe. Alirudilia mara tatu: dada, usifue."

"Ju ya nini isifuliwe?"

"Sikuuliza. Mutu akikuambia usifue, unashukuru Mungu."

Akashona siku mbili, karibu na dirisha, kwa sindano ndogo niliyoiona kama unywele. Ijumaa alimaliza. Alinyunyiza maji kidogo kwenye ule mshono, akapitisha pasi ya makaa, akarudisha sari ndani ya gazeti na kuiweka juu ya kabati. Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye kilio upande wa pili wa mji, akaniachia chungu cha maharagi na onyo fupi: "Chunga moto. Usichunge kitu ingine."

Ninyi mlio na watoto mnajua kilichofuata. Nilitaka kuisikia ile sauti tu. Kwara moja, basi. Nilipanda juu ya kigoda, nikaishusha, nikaifungua. Kwara. Halafu nikaona dhambi ni ileile, basi nijifunge kabisa. Nikajizungusha, nikajizungusha, yadi sita kwenye mtoto wa miaka tisa, mpaka nikafanana na mboni ya jicho lenye mtoto wa jicho. Nikatembea kama malkia kutoka kitandani hadi mlangoni. Na pale mlangoni nikasikia maharagi yanaomba mafuta.

Sikuvua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hadi leo siwezi kuieleza mbele ya watu wenye akili. Nilikwenda kuweka mawese kwenye chungu nikiwa nimevaa sari ya marehemu mama ya mtu. Tone moja tu. Liliruka kutoka kwenye kijiko, jekundu, likatua juu ya weupe karibu na yale mapambo ya mwisho, likaanza kutanuka taratibu kama linatafuta mahali pa kukaa.

Nilivua mbio. Na nilipoivua nikaona kwamba doa halikuwa moja: kulikuwa na tone langu jekundu, na pembeni yake, kwenye kona kabisa, doa jingine kubwa la manjano, kama alama ya vidole. Nikasema moyoni, tazama, mawese yameshazaa. Nikachukua beseni, nikachukua sabuni ya kipande, nikasugua yote mawili kwa nguvu zote ambazo sikuzitumia kamwe kwenye sufuria.

Tone la mawese lilianza kufifia. Lakini lile la manjano, lilipoguswa na sabuni, likageuka jekundu. Siyo jekundu la mawese. Jekundu la damu. Lilikuwa manjano, mbele ya macho yangu likawa damu, na maji ya povu yakawa na rangi ya waridi.

Nililia kwa sauti. Mama Zawadi akaita kutoka kwake, "Sentineli, wezi?"

"Hapana, mama! Vitunguu!"

Niliamini nimeijeruhi. Nguo ya mtu aliyekufa, nimeisugua mpaka imetoka damu, na nikakumbuka ule mstari kwenye nywele za Mama Mithu na nikaona sasa naelewa kila kitu: katika ukoo ule, vidonda haviponi. Nikatafuta dawa ndani ya nyumba. Kulikuwa na ndimu, ambayo mama aliitumia kwa kila kitu, kuanzia kikohozi hadi kutu. Nikakamua. Na damu, naapa, ikarudi nyuma. Jekundu likawa manjano tena, palepale, kama mtu aliyebadili mawazo. Sikugusa tena lile doa. Nilisema: wewe, kaa hapo, nami nitakaa hapa.

Nikasuuza sari nzima kwa sababu povu lilikuwa limefika kila mahali. Nilipoinyanyua kutoka kwenye maji, ilikuwa imekufa.

Hakuna neno jingine. Ile iliyosimama mezani yenyewe sasa ilining'inia mikononi mwangu kama kuku aliyechinjwa. Niliitikisa, haikulia. Niliikunja, haikubishana. Kiburi chote kimekwisha. Nilikaa chini karibu na beseni, nikaiona barabara ya kaskazini, nikauona ukungu, nikamwona shangazi na jembe dogo alilonichagulia.

Ndipo nikakumbuka kola. Mama, akitaka kola za blauzi zetu za shule zisimame, alipika uji mwepesi wa unga wa fufu, ule wa muhogo, akachovya, akapiga pasi. Kola ilisimama mpaka ilikata shingo. Kwa nini sari isisimame? Nikapika. Ila mama alipika mwepesi kwa kola nne, nami nilikuwa na yadi sita, nikahesabu kwamba inahitajika fufu ya watu wengi. Nikaikoroga vizuri, nikaizamisha nguo ya Bengali ndani.

Ilitoka na madonge. Imejigandisha yenyewe kwa yenyewe, na inanuka muhogo uliolowekwa siku tatu. Kuku wa Mama Zawadi, ambao hawakuwa na desturi ya kuingia kwetu, waliingia. Nikawafukuza, nikasuuza tena, nikasuuza tena, mpaka bidoni ya mwisho ikalia tupu. Jua lilikuwa kali nje, kamba ya nguo iko pale, lakini kuanika nje ni kumwonyesha Mama Zawadi, na kumwonyesha Mama Zawadi ni kutangaza misani. Nikafunga kamba chumbani nyuma ya kitanda, msumari kwa msumari, nikaipepea kwa sahani mpaka mkono ukafa ganzi. Saa kumi ilikuwa kavu. Tone la mawese lilikuwa limeondoka. La manjano lilikuwa pale, linanitazama. Nikaikunja, nikaifunga gazetini, nikairudisha juu ya kabati. Maharagi yaliungua, bila shaka, lakini mama alikuwa ametoka kwenye kilio na hakuwa na nguvu za kugomba.

Jumapili baada ya misa alifungua gazeti ili aitazame mara ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu. Aliigusa. Akaigusa tena. Nilisubiri jina langu. Badala yake mama akaanguka kitini.

"Yesu na Maria," alisema. "Ni yale maji."

"Maji gani, mama?"

"Ijumaa niliinyunyizia maji pale nilishona. Niliona pale pamelegea, nikasema ni kidogo tu. Sasa imeenea yote. Imeenea sawa ugonjwa." Alifunika uso kwa mikono. "Alisema nisiweke maji. Alinirudilia mara tatu. Mi niliweka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa wazi, pana, hata mlango ulikuwa umefunguliwa. Mama alikuwa anabeba mzigo wangu kichwani akidhani ni wake, nami nikamsaidia kwa kutafuta leso.

Jumatatu aliamka mapema, akachukua valizi ya papa, sanduku la safari la ngozi ya bandia linalofungwa kamba kwa sababu zipu imeharibika. Nilimwona akiweka ndani maharagi bora, yale mekundu. Viazi. Chupa ya asali. Juu yake, gazeti lenye sari. Halafu akanigeukia, macho yamevimba.

"Vaa robo yako ya Jumapili. Tunaenda."

Sikuuliza wapi. Nani anavishwa gauni la Jumapili siku ya Jumatatu na kubebewa valizi? Amejua, nikasema moyoni. Sari atairudisha kwa mwenyewe akirudi, na mimi naachwa Kibati na maharagi. Hata katika hofu ile kuna sehemu ya kichwa changu iliyojiuliza nani anapeleka maharagi Kibati, wakati yanatoka huko. Lakini mtu anayehukumiwa hachunguzi mizigo. Nilizunguka nyumba. Niliuegemea ule ubao, ukalia. Nilikiingiza kigoda changu ndani kisilowe. Mama akafunga lango, akatia kadena, ile kufuli yetu kubwa, na nikasikia inavyolia ukiwa upande wa nje. Sikuwa nimezoea kuisikia kutoka upande ule.

"Sentineli anatoka!" Mama Zawadi alipiga kelele. "Leo mvua itanyesha!"

Mama hakucheka, na Mama Zawadi alipomwona uso akanyamaza, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana.

Tulitembea mpaka barabara kubwa. Pale, ukipanda unakwenda Kibati, ukishuka unakwenda mjini. Nilikuwa nimeshaelekeza vidole vya miguu juu. Mama akashuka.

Nilisimama. "Mama, si huku?"

"Huku wapi? Kwa Mama Mithu ni chini. Weye hautokagi nje, hata njia haujui."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilielewa, hatua kwa hatua, kilichokuwa ndani ya valizi: viazi, asali, maharagi bora, ni vitu vya kuombea msamaha. Mama alikuwa anakwenda kupiga magoti. Kwa ajili ya maji ya Ijumaa.

Mama Mithu alitupokea nyuma ya duka, kwenye ua mdogo wenye vyungu vya maua. Aliona uso wa mama, akaona valizi, akaacha kutabasamu.

"Dada, kuna nini?"

Mama alimpa gazeti kwa mikono miwili. "Ni mimi. Usiseme ni mutu mwingine. Uliniambia nisiweke maji, niliweka kidogo, ikalegea yote. Ukitaka nisikuye tena kufanya kazi, nitaelewa."

Mama Mithu aliifungua. Alianza kuivuta, yadi baada ya yadi, haraka, inamwagika miguuni kwake laini kama maji. Alikuwa anatafuta kitu. Nilijua nini. Alikuwa anakaribia ile kona.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Mama ni muongo! Ni mimi niliivaa, nikaimwagia mawese, nikaifua na sabuni, ikatoka damu, nikaweka ndimu, nikaipikia fufu, kuku wakaingia!"

Mama alinigeukia polepole sana.

"Sabuni?" Mama Mithu alisema. "Yote? Uliifua yote?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akafika mwisho. Akaipata kona. Doa la manjano lilikuwa pale, vidole vitatu na nusu. Aliliweka puani, akafumba macho, halafu akakaa chini palepale kwenye sementi, mke wa tajiri, miguu imenyooka kama mtoto.

"Iko," alisema. "Iko bado."

Ilibidi tungoje. Baadaye alituambia. Mama yake alikuwa akipika, mikono ina manjano, ile bizari ya mchuzi; mtu akaita mlangoni, naye akafuta vidole kwenye ncha ya sari, jambo alilokatazwa na kila mtu maisha yake yote. Ilikuwa tabia yake. Sari ilipofika kwa posta, harufu yote ilikuwa imekwisha, lakini vidole vilikuwa pale.

"Ndiyo sababu nilisema usifue," alisema. "Si kwa sababu ya nguo. Nguo inafuliwa. Kwetu tunafua hii kila siku." Akanitazama. "Manjano na sabuni inakuwa nyekundu. Na ndimu inarudi. Hiyo si damu, mtoto. Inafanya hivyo tu. Sabuni inaipunguza, lakini jua ndiyo inaimaliza. Uliianika jua ya wapi?"

"Sikuianika jua," nilisema. "Niliianika mu nyumba. Nyuma ya kitanda."

"Kwa nini?"

Mama akajibu badala yangu, kwa sauti ya ajabu, nusu kilio, nusu kicheko. "Huyu hatokagi nje. Hata nguo hazitoi nje."

Mama Mithu alinivuta, akaniweka mkono kichwani, bangili zikalia sikioni mwangu. "Asante kwa kukaa nyumbani," alisema. Ni mtu pekee duniani aliyewahi kunipa shukrani hizo, na nimeziweka.

"Lakini imekufa," mama alisema, akionyesha kile kirundo laini.

"Imekufa wapi? Ina njaa." Akainuka, akafuta macho kwa ile sari yenyewe. "Kila uzi wa hii, kabla fundi hajaufuma, unakula wali. Maji ya wali. Ukiifua, chakula kinatoka, inalala. Unailisha tena, inaamka." Halafu akakumbuka kitu, akanigeukia, midomo imebana. "Na wewe uliipa nini?"

"Fufu," nilisema kwa aibu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Fufu! Miaka yote hii mimi mwenyewe fufu inanishinda. Sasa nguo ya mama yangu, mgeni, siku ya kwanza!" Na mama, aliyekuwa hajalala usiku kucha, akaanza naye, wakashikana mabega, wakalia na kucheka bila mpaka kati ya hivyo viwili, na mimi nikasimama kwenye robo yangu ya Jumapili nikiwa sijui nijiunge na kundi gani.

Wali ulipikwa. Maji yake yakamwagwa kwenye beseni kupitia kitambaa, meupe, ya moto, na ile harufu ikajaa ua wote. Tuliizamisha sari, ile kona tu ikabaki mkononi mwa Mama Mithu, juu, kavu. Halafu tukaitandaza kivulini, mama ncha moja, Mama Mithu ncha nyingine, mimi katikati chini nikilishikilia pindo lisiguse sementi. Upepo wa ziwa ukaikausha. Nilikuwa wa kwanza kuisikia. Kwara. Kidogo. Halafu tena, kubwa zaidi.

"Imeamka," nilisema.

"Kumbe," mama alisema.

Tuliporudi valizi ilikuwa nyepesi. Asali Mama Mithu alikubali, maharagi alisema atajaribu, viazi tulirudi navyo. Nilimfuata mama hatua mbili nyuma, kwa sababu kitu cha tatu kilikuwa hakijasemwa. Kwenye barabara kubwa hatukupanda. Nikajipa moyo nikauliza.

"Mama. Kibati?"

"Uliniachilia niseme ni mimi. Tangu jana."

"Ndiyo, mama."

"Ile ni mubaya kuliko mawese."

"Ndiyo, mama."

"Alafu ulisema mbele ya mutu. Weye, unaogopaga hata kujibia mwalimu." Akahamisha valizi mkono mwingine. "Unajua ju ya nini nilikupeleka? Nilijua mbele yako sitalia. Nimelia. Basi, hauna hata faida hiyo."

Tulifika langoni. Mama Zawadi alikuwa juu ya ukuta wake, akitusoma. Mama akaweka valizi chini, akatoa ufunguo kifuani, na badala ya kufungua akaniwekea mkononi. Ulikuwa wa moto.

"Fungua, Sentineli," alisema. "Kibati wana watu wengi wa nje. Hapa tuko na mumoja tu wa ndani."

Kadena ikafunguka. Nikaingia, nikamfungia lango mama yangu mwenyewe kwa makosa, na alipogonga, nikauliza kwa ile sauti nene, "Ni nani?"